Nafungasha kurudi, lakini ulimi wangu umezoea ugenini

Mama mshauri, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Leipzig, Ujerumani, ambako namalizia shahada ya uzamili ya uhandisi wa maji. Tasnifu nimeshaikabidhi, nasubiri kuitetea tu, na mwezi ujao Mungu akipenda napanda ndege kurudi nyumbani. Kazi yangu ipo. Mwajiri alinipa ruhusa ya masomo na nafasi yangu haijachukuliwa na mtu. Kwa hiyo wengi wakinisikia nalalamika wanashangaa nina shida gani. Ila usingizi sipati.

Kilichonishtua ni jambo la mchango. Binamu yangu anaoa. Mjomba, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati, aliandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kiasi ambacho kila mmoja wetu anatakiwa kutoa, na changu kikawa kikubwa kuliko vya wote kwa kuwa "yuko Ulaya huyu". Nikajibu palepale kwamba nitatoa, lakini naomba kwanza kuona mchanganuo wa bajeti, kwa sababu kiasi hicho kinanizidi uwezo. Sikutukana mtu. Hata tafadhali niliweka. Kundi zima likanyamaza. Jioni mama yangu mzazi akanipigia, hakugomba, akaniuliza tu: "Mwanangu, huko ndivyo mnavyofundishwa kusema na wakubwa?" Tangu siku hiyo mjomba haitikii salamu zangu.

Kusema kweli sikuona kosa langu, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Huku msimamizi wangu alinirudishia sura ya tatu ya tasnifu akasema mbele ya wenzangu kwamba hoja haisimami, niandike upya. Nikaenda kulia chooni. Baada ya nusu saa akanikuta kantini, akakaa karibu yangu, akaanza habari za mvua kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilidhani ananidhihaki. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa na ugomvi na ile sura, mimi hana neno nami, na taratibu nikaanza kuupenda usemaji huo. Sasa mtu akinizunguka kabla ya kufika kwenye jambo lake, najikuta natamani kumkatiza.

Saa nazo ni hivyohivyo. Rafiki wa huku akitaka kunialika chakula anafungua kalenda na kunipa siku ya wiki tatu zijazo. Mwanzoni nilikuwa nacheka. Leo mtu akiniambia "nitapita hapo jioni" naudhika, jioni saa ngapi? Dada yangu aliahidi kunipigia saa mbili, akapiga saa nne, nikampokea kwa ubaridi mpaka akakata simu mwenyewe. Na nitafikia kwa wazazi, chumba kimoja na wadogo zangu wawili, mimi niliyezoea mlango unaofungwa na ukimya ndani yake.

Usidhani nasifia tu, Mama. Jirani ambaye mlango wake unatazamana na wangu, tangu nihamie hapa, tukikutana kwenye ngazi ni salamu moja na kila mtu na njia yake. Siku niliyofua kwa mashine Jumapili hakunigongea, alibandika kikaratasi mlangoni kunikumbusha kwamba ni siku ya utulivu. Nilipougua homa nikajifungia ndani, hakuna aliyeuliza nimekwenda wapi. Desemba jua likizama saa kumi jioni, nililia kwa kukosa hata wale watu ambao nyumbani nilikuwa nawakimbia. Huku sikuwa wao. Sasa nahofia kwamba hata kule nimeacha kuwa wao.

Mwenzetu mmoja alitangulia kurudi. Ofisini wamembatiza jina la Mdachi, kwa sababu kila jambo anaanza na "sisi Ujerumani". Ananiandikia kwamba anatafuta njia ya kuondoka tena. Na baba mdogo kwa upande wake ameshanisomea hukumu: sheria ya huku inamruhusu mhitimu kubaki hadi miezi 18 akitafuta kazi, watu wanazama baharini wakitafuta kufika Ulaya, mimi niliyeko ndani narudi kufanya nini?

Naomba unishauri. Nikifika nijikaze niwe yule waliyemsindikiza uwanja wa ndege, au niwaambie wazi kwamba nimebadilika na wanizoee? Na je, nibaki hiyo miezi 18?

Ni mimi binti yako,
Anayefungasha, Leipzig

* * *

Marahaba, mwanangu. Na hongera kwa tasnifu, maana katika barua yote umeitaja kama mtu anayetaja risiti ya umeme.

Nianze na mjomba, kwa sababu naona ndiye anayekunyima usingizi na hayo mengine yamejipanga nyuma yake. Unaamini ulimkosea kwa sababu umekuwa Mjerumani. Kuulizia bajeti ya harusi ni tabia ya Kijerumani tangu lini? Kamati yoyote ya harusi niliyowahi kukaa ilikuwa na mweka hazina mwenye daftari, na walikuwapo mashangazi waliomhoji huyo mweka hazina kwa ukali ambao msimamizi wako angejifunza kitu. Wanauliza kila siku. Ila wanauliza pembeni, au kwenye kikao ambacho kila mtu anajua kimeitwa kwa ajili ya kuulizana. Wewe uliuliza mahali ambapo mwenyekiti, mtu mzima, hana namna ya kujibu bila kuonekana ameshtakiwa kwa wizi mbele ya watoto wa dada zake. Swali lako lilikuwa halali, na kiasi ulichopangiwa kilikuwa si cha haki. Ulikosea mahali na ulikosea mlango.

Kwa hiyo mpigie simu. Usimwandikie, mpigie, asikie sauti. Usimweleze desturi za Ujerumani, hazimhusu na zitamwongezea hasira. Mwambie, "Mjomba, nilisema pasipostahili, nisamehe." Nyamaza amalize yake. Kisha mtajie kiasi unachoweza, ukitume siku hiyohiyo, na usipande hata akinung'unika. Kuomba radhi kwa namna ulivyosema hakukudai ulipe usichonacho. Hapo watu wengi wanaorudi wanajichanganya: wakishaona wameudhi, wanakubali kila kitu kwa mwaka mzima, kisha wanalipuka.

Na hao Wajerumani unaodhani wanasema kila kitu bila kuficha, umewaona kwenye maabara na kwenye sura ya tatu. Waangalie wanapoandika barua ya utumishi ya mfanyakazi anayeondoka. Sheria yao inampa mfanyakazi haki ya kuandikiwa barua hiyo, na mahakama zao zimeshikilia kwamba iwe ya kweli lakini pia iwe ya kumtakia mema, isimharibie riziki. Matokeo yake wamejitengenezea lugha ya mafumbo ambayo ofisi zote zinaielewa. Ukiandikiwa kwamba ulijitahidi kutimiza majukumu yako, mwajiri mwingine akisoma anajua kazi ilikushinda. Mzee wa ukoo hawezi kuzunguka zaidi ya hapo. Hata wao, basi, wana mambo ya kusema waziwazi na mambo ya kufunika, na wanajua lipi linakwenda wapi. Wewe umezijua vizuri kanuni za chumba kimoja ukadhani ni za nyumba nzima.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako la kujikaza au kutangaza mabadiliko. Usifanye lolote kati ya hayo. Ukijikaza utachoka, na ukitangaza utaitwa Mdachi namba mbili. Fanya kile ulichofanya ulipofika Leipzig. Ulipokwenda huko ulijiandaa kwa miezi: kozi ya lugha, viza, wiki ya kukaribishwa chuoni, mwanafunzi wa mwaka wa mbele wa kukuonyesha pipa la karatasi ni lipi na la plastiki ni lipi. Ulikubali kuwa mjinga kwa muda, ukawa unatazama wengine wanafanyaje kabla ya kufanya. Kwa safari ya kurudi umeandaa nini? Begi na zawadi. Unadhani nyumbani hapahitaji kujifunzwa kwa kuwa ulizaliwa hapo.

Wako waliolitazama jambo hili kabla yetu. Mwaka 1955 mwanasosholojia wa Norwei, Sverre Lysgaard, alichapisha utafiti wake kuhusu Wanorwei 200 waliokuwa wamekwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo. Aliona furaha ya mwanzo, kisha kushuka, kisha kupanda tena mtu anapozoea. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn, Wamarekani, wakaonyesha kwamba mshuko wa namna hiyo hujirudia mtu akisharejea kwao. Watafiti wa baadaye wamebisha kwamba si kila mtu anapita njia hiyo, na mimi nakubaliana nao, nimeona waliorudi wakatulia siku ya pili. Lakini inakufaa kujua kwamba kuna mshuko, na kwamba haushuki uwanja wa ndege. Unashuka baadaye, wageni wakishaacha kuja, zawadi zikishakwisha, hadithi zako zikishasikika mara mbili, nawe umebaki na foleni, umeme unaokatika na bosi. Huyo mwenzako anayetafuta njia ya kuondoka tena inawezekana kabisa yuko hapo chini. Mwandikie kwamba asiamue jambo kubwa akiwa huko. Wewe pia, ahidi leo kwamba katika miezi sita ya kwanza hutajaza fomu yoyote ya kuondoka wala hutavunja uchumba wala hutaacha kazi kwa sababu tu unajisikia mgeni.

Yupo pia Alfred Schütz, mzaliwa wa Austria aliyehamia Marekani, ambaye mwaka 1945 aliandika juu ya anayerudi nyumbani, akiwafikiria zaidi askari waliokuwa wanatoka vitani. Hoja yake ni kwamba pale unaporudi si pale ulipopaacha wala pale unapopakumbuka, na waliobaki nao wanamsubiri mtu ambaye hayupo tena. Barua yako imejaa habari za wewe ulivyobadilika. Nimeisoma mara mbili kutafuta mstari mmoja unaosema wao wamebadilikaje. Sikuuona. Mama yako ameongezeka miaka. Wadogo zako uliowaacha wanagombania remoti sasa huenda wana siri zao. Dada aliyepiga saa nne badala ya saa mbili, ulimuuliza alikuwa wapi kabla ya kumpokea kwa ubaridi?

Sasa nikupe kazi ambayo naiona kubwa kuliko zote, na ambayo wanaorudi kutoka masomoni wanairuka. Anza na misiba.

Muda wote uliokuwa huko watu wamekufa. Uliambiwa kwa simu, uliandika pole, wengine ulituma chochote kitu, na maisha ya maabara yakaendelea. Kwako limeisha, lakini kwa waliofiwa wewe bado hujafika. Kabla hujakaa, kabla hujaonyesha picha hata moja ya theluji, mwambie mama akutajie nyumba zote zenye msiba ambazo hukuhudhuria, muandike pamoja, nawe uende. Nyumba moja baada ya nyingine, bila haraka. Huendi kuongea. Unakaa, unatoa pole, unasikiliza marehemu aliuguaje, nani alikuwapo, nani hakuonekana. Utasikia habari zote za ukoo za muda uliopotea kwa mpangilio ambao hakuna kundi la WhatsApp litakupa. Na watu watakuona. Yule aliyedhani umerudi na majivuno atakuta umekaa kwenye mkeka na bibi yake. Baada ya hapo hata ukikosea mahali pa kusemea, watasema huyu bado mtoto wetu, amesahau tu.

Usiende na mama kila mahali, nyumba nyingine nenda peke yako. Ukienda na mama unakuwa umepelekwa.

Baada ya misiba zifuate ndoa na watoto waliozaliwa, lakini hayo hayana presha, yatakuja yenyewe. Na kuhusu hadithi zako za Ujerumani, subiri kuulizwa. Watakuuliza, wala usiogope. Wakikuuliza, sema jambo moja, tena la kuchekesha, kile kikaratasi cha jirani kinafaa sana, kisha rudisha swali kwao. Huyo Mdachi wa ofisini kwao angeyasema mambo yaleyale kama majibu, asingepewa jina.

Kuhusu saa sina mengi. Tabia ya kufika kwa wakati ni nzuri, baki nayo, hakuna atakayekuzuia kuwahi. Ila usijiteue kuwa askari wa saa za wengine. Na usisahau kwamba hata huko vyuo vingi vina robo saa yao ya heshima: ratiba inasema saa nne, kila mtu anajua mhadhara unaanza saa nne na robo, na anayefika saa nne kamili ndiye mgeni. Treni zao za masafa marefu nazo, mwaka 2024 zaidi ya theluthi moja zilichelewa, na hukuniandikia kwamba uliwanunia makondakta. Ulibeba kitabu. Mbinu moja iliyonisaidia mimi na wengine: acha kubishania saa ya kuanza, taja saa ya kumaliza. "Karibu sana, mimi niko hadi saa kumi na moja, halafu natoka." Anayetaka kukuona atahesabu mwenyewe, na hujamkosea mtu.

Chumba ni jambo la kuzungumza sasa, ukiwa bado Leipzig, maana likizungumzwa baada ya ugomvi wa kwanza litaonekana ni dharau. Ila usimwambie mama kwamba unahitaji nafasi yako peke yako. Kwa sikio la mama hiyo ni habari kwamba hutaki watu. Mwambie kwamba alfajiri hadi saa moja utakuwa unasoma au unaandika, na unaomba wadogo zako wasikuamshie redio. Jambo moja tu, lenye sababu ambayo nyumba inaielewa. Nyumba zetu nazo zina faragha zake ambazo umezisahau kwa sababu hazina funguo: mtu anabisha hodi na kusubiri hata mlango ukiwa wazi, mtu akilala mchana watu wanashusha sauti, mzee akikaa uani peke yake hafuatwi. Zitazame upya. Na mshahara ukitulia, panga kwako. Huna haja ya kuona aibu kwa hilo, wala halikuja na Ujerumani.

Jirani wa kikaratasi sasa. Mapumziko ya Jumapili kwao yana ulinzi ndani ya katiba yenyewe, kwa kifungu kilichorithiwa kutoka katiba ya Weimar ya mwaka 1919. Kwa hiyo uliona ubaridi mahali ambapo yeye labda aliona ameepusha aibu: hakukugongea, hakukusema mbele ya watu. Unaona? Alifanya kile ambacho wewe hukumfanyia mjomba. Simtetei kwa ile homa yako, hapo hakukuwa na utu, ingawa sijui kama aliambiwa. Wewe ulimgongea ukamwambia unaumwa? Watu wengi wa huko wanasubiri waombwe, kwa kuogopa kuingilia. Kabla hujaondoka mgongee, muage. Na kwenye maabara, kumbuka kwamba kule mwenye siku ya kuzaliwa ndiye anayeleta keki, na anayeondoka kazini ndiye anayewaandalia wenzake. Usikae kusubiri sherehe ya kuagwa halafu uondoke na kinyongo kwamba hawakukujali. Andaa kitu wewe, waalike, weka siku kwenye hizo kalenda zao mapema.

Baba mdogo ana uchungu na anachosema si cha kupuuzwa. Kweli sheria inampa mhitimu wa chuo cha huko hadi miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na elimu yake. Kama ungeniandikia kwamba kuna kampuni tatu unazozitaka, lugha umeiva nayo na akiba ya kujilisha unayo, ningekuambia baki, na anayekucheka mwache acheke. Lakini katika barua yako hakuna kazi unayoitaka huko hata moja. Kazi iliyotajwa iko nyumbani. Unaiuliza hiyo miezi 18 kwa sababu ya mjomba, chumba na jina la Mdachi, na kibali cha ukaazi hakitibu hayo. Ukibaki kwa kumkimbia mama yako utamkuta ukirudi, tena amezeeka zaidi. Mimi nasema rudi. Na ukishaamua, mwambie baba mdogo kama mtu anayetoa taarifa. Ukimwendea na sauti ya kuuliza atakujibu, na haki ya kukujibu utakuwa umempa wewe.

Wala wewe si wa kwanza kati yetu kupita njia hiyo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeandika habari za mila za Waswahili, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mwaka 1905 alitaka kurudi pwani na mkewe Mjerumani, serikali ya kikoloni ya Wajerumani ikamkatalia, akalazimika kurejea Ujerumani, na huko ndiko alikofia mwaka 1927. Yeye alitaka kurudi akanyimwa. Namtaja kwa sababu huwa namkumbuka kila kijana anaponiuliza kama kurudi ni kushindwa.

Kuhusu pesa, mwambie ukweli mtu mmoja mwenye mdomo katika ukoo kabla hujatua: kwamba ulikuwa mwanafunzi, unarudi na cheti na madeni madogo, hakuna kontena linalofuata. Itasambaa yenyewe na itakuokolea maelezo. Zawadi ziwe ndogo na za wazee kwanza. Usikope kununua zawadi.

Ofisini, mwezi wa kwanza usitengeneze kitu. Hujaniambia, lakini najua una orodha ya mambo ya kurekebisha. Tazama nani anaamua nini, mafundi wa zamani wamefanyaje ulipokuwa haupo, nani alibeba kazi zako. Huyo wa mwisho mshukuru mbele ya watu. Orodha yako itafaa mwezi wa nne, na nusu yake utakuwa umeifuta mwenyewe.

Yamebaki makaratasi, nayo yana tarehe zake. Jiondoe kwenye daftari la wakazi la mji: inaruhusiwa kuanzia wiki moja kabla ya kuhama na isizidi wiki mbili baada ya kuhama, na hati watakayokupa itunze, maana ndiyo itakayokufungia bima ya afya, simu na ile ada ya redio na televisheni ya umma ya euro 18.36 kwa mwezi, ambayo kama jina lako limo haitasimama kwa sababu tu umepanda ndege. Mkataba wa chumba soma unataka taarifa ya muda gani, wengine wanataka miezi mitatu, usije ukalipia chumba ambacho hukilali. Akaunti ya benki usiifunge mpaka amana ya chumba irudi. Vyeti na orodha ya alama chukua nakala zilizothibitishwa ukiwa hukohuko, kuvifuatilia kwa barua pepe ukiwa mbali ni mateso. Na kama uliwahi kufanya kazi ya muda ambayo mshahara wake ulikatwa mchango wa pensheni, tunza karatasi zote: asiye raia wa Umoja wa Ulaya aliyechangia chini ya miezi 60 na akaondoka, kwa kawaida anaweza kudai arudishiwe sehemu aliyokatwa, lakini ni baada ya kupita miezi 24 tangu michango isimame. Weka tarehe hiyo kwenye kalenda yako. Si pesa nyingi, ila wenzako wengi wanaiacha huko kwa kutojua tu.